Kitanda Kilichowalaza Wazee wa Boito

"Ni kiti," Gibson alisema. "Mchana ni kiti. Kinakuwa kitanda usiku peke yake, na wale wazee walikuja mchana."

Janeffer, mkewe, alikuwa amechuchumaa kwenye moto wangu akisonga ugali kwa nguvu ambazo ugali haukuhitaji. Mimi ndiye niliyemuuliza mwanangu, kwa upole kama kawaida yangu, usiku uliopita alilala wapi. Akasema ndani ya kombi. Juu ya nini, ndani ya kombi? Akatazama juu. Dari ya jikoni kwangu ni masizi matupu, lakini siku hiyo aliitazama kama mtu anayesoma gazeti.

Ugomvi huo ulianza Jumamosi, na sasa ilikuwa Jumatano. Jana yake Edinah, jirani yetu aliyezaliwa Boito na ambaye ndiye mshenga wetu, alituletea ujumbe. Wazee wa Boito watarudi mara moja tu, ya mwisho, wiki hiyohiyo, kumposa mjukuu wangu Chepkosgei, binti wa Gibson. Wakikuta nyumba wataingia. Wakikuta tena lile gari, watapita moja kwa moja hadi Kiptere, ambako kuna msichana mwingine mzuri, ambaye baba yake ana paa.

Gibson huyu nilimzaa mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Maisha yake yote aliendesha lori la majani chai, kutoka vituo vya huku mashambani hadi kiwandani na kurudi. Barabara ni hiyo moja. Aliizoea hadi lori likawa linajua njia kumshinda. Kuna asubuhi alichelewa kuamka, lori likaenda peke yake, likapakia majani, likapanga foleni kiwandani, likapimwa, kisha likarudi kumchukua nyumbani kwa sababu lilikuwa limemzoea. Wasioamini wakaulize lori.

Kazi ilipoisha, akasema anataka kuona majani yale yote aliyobeba huwa yanaenda wapi. Nikamwambia yanaenda kwenye vikombe vya watu. Hakuridhika.

Siku zile mzungu mmoja wa mashamba makubwa alikuwa akirudi kwao. Alikuwa na kombi kuukuu, upande mmoja rangi ya chungwa na upande wa pili rangi ya kutu. Ndani ilikuwa na jiko la gesi, sinki lenye bomba, kabati, mapazia ya maua, na paa linaloinuka kama kofia ya mtu anayesalimia pasta. Alijaribu kuiuza Kericho mjini, akakosa mtu. Akajaribu Kapkatet, watu wakamwonea huruma wakampa chai. Mwishowe akampa dereva Gibson funguo bure, akamshika mkono muda mrefu sana, akapanda gari la mtu mwingine, akaondoka haraka. Gibson akasema huo ndio upendo.

Injini ilikuwa imekufa. Watu wengine huuza gari wapate kujenga nyumba. Mwanangu alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe, akateremsha mabati moja moja kwa uangalifu mkubwa, akampelekea Muriuki, yule wa vipuri pale Kapkatet, akarudi na injini. Mabati yale yako juu ya duka la Muriuki mpaka leo, na hayavuji. Muriuki ni mtu mwema, kila akiniona huniuliza kama nimekuja kuyasalimia. Nayo nyumba, kuta zake za udongo, ilianza kuyeyuka msimu wa kwanza, na ile mvua ya El Nino ikaimalizia kama sukari ndani ya chai. Imebaki miimo ya mlango tu. Mbuzi wangu hupitia katikati yake badala ya kuzunguka, maana nimewafunza adabu.

Chepkosgei alikuwa darasa la tano walipoondoka. Safari ilikuwa ya mwezi mmoja, waliniambia. Walimwacha kwangu na sare moja ya shule na patipati za kukua nazo. Alipomaliza kidato cha nne walikuwa bado Isiolo, wakingoja kifaa cha gari.

Maana watu wakisikia mtu amezunguka Kenya kwa gari, wanadhani alikuwa akienda. Alikuwa amesimama. Gari liliharibika Kitale, wakaishi Kitale. Likaharibika Busia, na kwa kuwa lilikuwa na pazia na sinki, akina mama wakadhani ni kliniki, wakapanga mstari na watoto mgongoni. Janeffer aliwauzia mandazi, na Gibson anaapa watoto wote walipona. Huko Lodwar joto lilizidi mpaka kuku waliyesafiri naye akataga mayai yaliyochemka, na kuku mwenyewe akawa anatazama kichupa cha chumvi. Katika msitu wa Mau nyani aliingia kupitia lile paa la kuinuka, akajifunika blanketi, akafunga mlango kwa ndani. Gibson na mkewe walilala chini ya gari. Asubuhi nyani alitoka akiwa amelikunja blanketi vizuri, jambo ambalo Janeffer anasema hajaona mtu mwingine wa kiume akilifanya ndani ya gari lile. Mimi sikuwepo, lakini nasimulia kuliko waliokuwepo.

Mombasa nako walifika. Huko ndiko chai inakouzwa kwa dunia. Gibson alioga, akavaa tai, akaenda kuona majani yake yanakoishia. Askari wa langoni akamwonyesha ghala kwa mbali, milango imefungwa. Alisimama pale na tai yake, akaitazama ile milango, akarudi kwenye gari. Hilo alinisimulia kwa sauti ya chini, na hapo siongezi kitu.

Walirudi mwaka huu barabara zilipokauka, wakivutwa na trekta. Gibson alikuwa kwenye usukani, anapiga honi na kuwapungia watu mkono, kama kwamba trekta lile lisingefika bila yeye kulisukuma. Akaegesha getini kwangu, akafunga kamba ya nguo kutoka kwenye kioo cha gari hadi kwenye ua wangu, akasema amefika nyumbani. Nikamwonyesha kiwanja chake na miimo yake. Akaniambia nyumba anayo, na kwamba yake ina faida ya kutohitaji kufagiwa uwanja.

Basi ndipo Weldon, mwalimu wa shule ya msingi kule Boito, akamtaka Chepkosgei, na Chepkosgei akamtaka Weldon hadi akawa anatia chumvi kwenye chai. Boito wakatuma kusema wanakuja.

Kwetu mzee wa posa hasemi neno la maana mpaka aingie nyumbani kwa baba wa msichana, aketi, anywe mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa kibuyuni. Na kuna kitu kimoja ambacho hatakiwi hata kukitupia jicho, nacho ni kitanda cha wakwe. Hili hata kuku wa huku wanalijua. Nikamwambia Gibson awalete jikoni kwangu. Akasema yeye ni mwanamume mwenye nyumba na hawezi kuazima moto wa mama yake. Akaosha kombi kwa sabuni ya kufulia, akaning'iniza kalenda ya kanisa.

Wazee wanne walikuja, mbele yao Mzee Kimutai, ndugu mkubwa wa baba yake Weldon. Walivua kofia, wakainama, wakaingia mmoja mmoja kama wanaoingia kwenye mzinga wa nyuki. Wote wanne wakabanana kwenye kile kiti kirefu cha nyuma, magoti yakifika kwenye ndevu, bakora katikati ya miguu. Wakatazama mapazia. Wakatazama kalenda. Mzee Kimutai akasema pana baridi nzuri, na hiyo kwa mtu wa Boito ni sifa kubwa.

Hapo Gibson angenyamaza tungekuwa tumemaliza. Lakini mtu akiishi ndani ya kitu miaka yote hiyo, hawezi kukaa bila kukisifu. Akafungua bomba, likatoa maji, wazee wakaitikia kwa vichwa. Akawasha jiko, wakaitikia. Akasema, na hapo mlipokaa, wazee wangu, hamjaona bado maajabu. Akainama akavuta mkono wa chuma.

Kiti kililala, na wazee wakalala nacho. Mimi nilikuwa mlangoni na kibuyu cha mursik, kwa hiyo niliona vizuri: wazee wanne wa kanisa wako chali, wamepangwa kama mahindi kwenye jiko, miguu juu, shuka za Gibson na Janeffer zimechomoza pande zote. Na mto wa Janeffer, ule alioutarizi mwenyewe LALA SALAMA, ukateremka polepole kutoka kabatini, ukatua kwenye kifua cha Mzee Kimutai.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikohoa tu. Niliendelea kukohoa hadi kanisani kesho yake.

Waliinuka kwa kuvutana, wakatoka. Hawakuonja mursik, hawakuaga, na hawakututazama, maana mtu akishalala kwenye kitanda cha wakwe huwa hajui tena atawatazamaje. Chepkosgei aliwaona wakishuka njia. Hakulia. Alibeba kikapu akaingia kwenye chai, na tangu Jumamosi hiyo alikuwa huko, anachuma majani yaliyo tayari na yasiyo tayari, hata mashina yakaanza kuogopa. Kula alikuwa anakula kama ndege. Usiku alilala kwenye kitanda chake cha siku zote, hapa jikoni nyuma ya kuni, ameupa moto mgongo.

Haya, Jumatano. Gibson alipomaliza kusoma masizi yangu, akatoa misumari mfukoni na kutueleza mpango wake. Angekipigilia kile kiti pande zote, kisiweze kulala tena hata kikisukumwa na ng'ombe. Wazee wangeona misumari, wangejua kimekoma kuwa kitanda. Nikamuuliza yeye na mkewe watalala wapi baada ya hapo. Akasema hilo ni jambo la usiku. Nikamwambia kwamba Muriuki angekuwa na akili kama hiyo, angekuwa bado anatembeza vipuri kwa mkokoteni.

Janeffer akaacha mwiko ndani ya sufuria. Ni mwanamke asiyesema sana, barabara ilimfunza kusikiliza injini kuliko watu.

"Mtoto alipougua surua tulikuwa Isiolo," alisema. "Habari ilitufikia ameshapona. Siku zile alikuwa amelala wapi, baba Chepkosgei? Kwenye kiti chako?"

Gibson akahesabu misumari yake.

"Walete hapa," Janeffer akasema. "Hapa ndipo alipokulia. Kuna mlango, kuna moto, na kitanda chetu hakipo."

Gibson akasema hapana. Akasema Janeffer ni mwanamke, haelewi wanaume wa Boito wanavyoongea wakishafika kwao. Akasema mengine mengi, kuhusu heshima, na mzungu, na jinsi watu wa Lodwar walivyomwita bwana mkubwa. Mimi nilimwachia aseme, maana ugali ulikuwa bado. Kisha akaketi kwenye kigoda changu, nyundo juu ya magoti, na sauti ikabadilika.

"Nikiwaleta hapa watasema wamemposa kwa nyanya yake. Watasema hana baba."

"Anaye," Janeffer akasema. "Yuko pale getini. Ana magurudumu manne."

"Matatu," nikasema mimi. "Hilo la nne ni jiwe."

Siku nyingine angenuna akatoka. Siku hiyo alibaki ameketi. Kupitia mlangoni tuliona kitambaa cha kichwa cha Chepkosgei kikienda na kurudi katikati ya mistari ya chai, mahali palepale alipochuma asubuhi. Gibson alikitazama kitambaa kile kwa muda.

"Mama," akasema, "unataka wajue kwamba nilizunguka nchi nzima na sina hata mahali pa kuketisha mgeni?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, nililiandaa tangu aliposhusha bati la kwanza, na lilikuwa na Muriuki ndani yake na mbuzi pia. Nikafungua mdomo, na jikoni kukaingia giza.

Mzee Kimutai alikuwa ameinama mlangoni, bakora imetangulia. Nyuma yake kulikuwa na kofia nyingine tatu zikingoja zamu. Kombi ilikuwa getini, mlango wazi, kiti kimepigwa sabuni, nao walikuwa wameipita.

"Chamgei," mzee akasalimia, akaanza kutafuta ukutani mahali pa kuegemeza bakora.

Janeffer akainuka. Gibson akafumba ngumi juu ya misumari yake. Kisha akasimama kutoka kwenye kigoda, akakisukuma kwa mguu polepole, kikakwaruza sakafu mpaka kikafika mbele ya mzee.