Jinsi Shemeji Harrison Anavyocheza Chesi

Ploti yetu ya Ukunda ina milango sita na choo kimoja, na asubuhi ambayo shemeji Harrison hana zamu hotelini, choo hicho huwa ni chake. Huingia na simu, akatia komeo, akakaa. Nje foleni inaota: mama wa mlango wa tatu na kopo lake la maji, watoto wawili wamebana miguu, na mimi nyuma yao.

"Harrison, toka! Watu wana matumbo!"

"Niko mechi!" hujibu kutoka ndani. "Dakika mbili tu, mama."

"Mechi ya nani chooni? Refa ni nzi?"

Watu hucheka, yeye hacheki. Akitoka, simu ile ile huiweka mezani kando ya chapati, kioo kimejaa alama za vidole. Chapati iliyo karibu na simu mimi siigusi, hata njaa iwe vipi.

Harrison ni mume wa dada yangu Rispah. Alikuja pwani kutoka Busia, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja wa kuosha vyombo katika hoteli moja kule Galu. Mimi nililetwa nikiwa mdogo nikae na dada, na shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo muda wa kutazama watu ninao. Nimemtazama Harrison akicheza chesi simuni kwa miaka minne. Mechi alizocheza simu inazihesabu yenyewe: elfu kumi na nne na mia kadhaa. Na ile namba inayoonyesha mchezaji ni mzuri kiasi gani, yake ilikuwa mia nane na sabini nilipoanza kumtazama, na leo ni mia nane na sitini na tano. Kuna siku inapanda mpaka mia tisa. Siku hiyo hutangaza ploti nzima, na kesho yake imeshuka.

Anacheza hivi. Anamtoa malkia kwanza. Askari mmoja mbele, halafu malkia mbio mpaka katikati ya ubao, kama mwanamke aliyetoka nyumbani kwenda kugombana bila viatu. Anatafuta ule ushindi wa hatua nne ambao huwapata wanaoanza. Akimpata mtu hajui, hucheka kwa sauti na kumtumia vikatuni vya kulia machozi. Mtu akijua kujikinga, Harrison hana mpango wa pili. Anaendelea kumsukuma malkia huku na huko, farasi wake wamelala pale pale walipozaliwa. Na hatazami mwenzake amefanya nini. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwenzake akigusa tu, kidole gumba cha Harrison kishatua. Mara moja nilimwambia polepole, "Shemeji, yule farasi anamtaka malkia wako." Akaniangalia kama nimetapika mezani.

"Na wewe umesomea wapi? Darasa la sita?"

Malkia akaliwa hapo hapo.

Anacheza akitafuna muguka, yale majani machanga ya miraa. Shavu moja limevimba, mate ya kijani anayatema ndani ya kikopo cha maziwa ya mtindi kilicho chini ya kitanda, na kikopo hicho hakimwagi yeye. Anakimwaga Rispah. Na vidole vyake vimeharibika. Maji ya moto na sabuni ya dramu vimemla. Katikati ya vidole ni kweupe, kumepasuka, kunanuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ngozi inapochunika, yeye huimenya kwa meno, anasubiri zamu yake ya kucheza, anaitema pale alipo. Daktari wa Msambweni alimwambia dada, mbele yangu, kwamba dawa haitasaidia kitu mikono isipokauka, na kwamba kidole kidogo cha kulia kikiendelea hivyo huenda kikakatwa. Tangu siku ile, kila jioni humkalisha mumewe, akamkausha kidole kimoja kimoja kwa khanga yake, akampaka mafuta ya daktari.

Sasa nitasema jambo ambalo ndilo hasa Harrison. Hucheza mechi za dakika kumi kila mtu. Kwa kuwa hafikiri, hatumii hata dakika mbili. Akiona ameshindwa, malkia kaliwa, ngome zimekwenda, pale palipo na alama ya bendera ya kukubali kushindwa hapagusi. Anaiweka simu juu ya mtungi wa maji, anaiacha saa yake itembee. Dakika nane. Huko aliko mtu mwingine, siku moja jina lake lilikuwa na bendera ya Ufilipino, amekaa anakodolea ubao usiosogea.

"Si ucheze, shemeji?"

"Nicheze nini? Wacha akae. Akichoka ataondoka, nitashinda mimi."

"Na asipoondoka?"

"Basi amekaa. Si kakaa bure?"

Anakunywa chai yake taratibu, anachungulia simu, anatabasamu. Muda aliopewa wa kufikiri hautumii kufikiri. Anauweka wa kumkomesha mtu asiyemjua. Na mechi zile alizopoteza hajafungua hata moja kuitazama tena, ingawa simu humwonyesha kabisa: bonyeza hapa uone ulikosea wapi. "Mambo ya jana ni ya jana," husema. Mimi nilizifungua mbili tatu alipokuwa amelala. Kosa lilikuwa lile lile, hatua ya tano au ya sita. Mtu angetazama kosa moja kwa wiki moja tu angelimaliza. Angecheza mechi tatu kwa siku badala ya kumi, na kabla ya kugusa angejiuliza, huyu mwenzangu anataka nini? Si elimu kubwa. Mimi mwenyewe niliiona kwa kukaa kimya.

Mwaka huu hotelini wakachora ubao mkubwa wa chesi kando ya bwawa la kuogelea, vipande vyake vinafika kiunoni mwa mtu. Walitaka mfanyakazi mmoja wa kukaa pale na watoto wa wageni, awafundishe, acheze nao. Anayepanga mambo hayo ni Fridah, mkuu wa animesheni, wale wanaochezesha wageni. Harrison akamfuata akamwambia amecheza mechi elfu kumi na nne. Huo si uongo. Fridah akamwambia kuna mashindano Jumamosi kwenye ukumbi pale Ukunda, nitakuja nikuone ukicheza, ukinipendeza Jumatatu utatoka kwenye maji.

Ukitaka kujua furaha, ungemwona Rispah. Alimfulia shati jeupe akalipiga pasi mara mbili. Alimwambia, "Baba, usiende na hicho kitu mdomoni." Naye akakubali, muguka akauacha. Dada alikuwa na mteja wa kusuka nywele Jumamosi hiyo, akanituma mimi niende naye. Mlangoni akanishika mkono akaninong'oneza, "Nataka mikono yake ikauke. Basi. Mengine sitaki."

Ukumbini meza zilikuwa kumi na mbili. Mwamuzi, Bwana Ngala, alipita na katoni akikusanya simu zote, na Harrison alipoitoa yake ilionekana kama ameng'olewa meno. Kila meza ina saa yenye vitufe viwili, dakika thelathini kila mtu. Raundi inayofuata haiwezi kuanza mpaka meza zote zimalize. Bwana Ngala alilitangaza hilo mara mbili.

Aliyepangiwa Harrison alikuwa mtoto wa kike kutoka Munje, anaitwa Mwanamisi, miaka kumi, kajifunga mtandio mweupe, miguu haifiki chini. Babake alisimama ukutani. Mtoto akainuka kidogo kitini.

"Shikamoo."

"Poa," akasema Harrison.

Watu wawili wa meza ya pili waligeuka. Fridah alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pale, kavaa fulana ya hoteli, na alisikia. Nilitamani niingie chini ya ukumbi.

Harrison akasukuma askari. Akamtoa malkia. Mwanamisi akatazama, mikono mapajani, akatazama tena, akamtoa farasi mmoja. Harrison malkia tena. Mtoto akatoa farasi wa pili, na kwa kila hatua ya malkia yule kipande kimoja cha mtoto kilikuwa kinatoka nje kusimama mahali pake. Kisha akaacha askari mmoja wa pembeni hana mlinzi. Mimi nilikuwa ukutani na niliona. Nilijua na Harrison atamla, kwa kuwa Harrison hajawahi kuona kitu cha bure akakipita. Akamla. Akabonyeza saa kwa kishindo, akamgeukia Fridah akakonyeza.

Mwanamisi akasogeza farasi wake ukingoni. Njia ya malkia kurudi ikafungwa. Mnyama kaingia zizini mwenyewe.

Safari hii Harrison alitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne. Akatazama, akainama mpaka pua ikakaribia ubao. Saa yake ilikuwa na dakika ishirini na sita. Akakunja mikono, akaegemea kiti, akatazama dari.

Mwanzo watu walidhani anafikiri. Baada ya dakika tano meza kadhaa za jirani zilikuwa zimeisha, watu wamesimama kuizunguka hii. Mwanamisi alikuwa amekaa vile vile, mgongo wima. Baada ya dakika kumi mtu mmoja akasema, "Huyu mzee kalala?" Mwingine akajibu, "Hajalala, anasubiri ubao uoze."

Vidole gumba vyake vilikuwa vinacheza peke yavyo juu ya mikono iliyokunjwa.

Babake mtoto alimfuata Bwana Ngala. "Mwalimu, sisi tunarudi Munje na huyu. Hii ni halali?"

"Ana haki ya muda wake," akasema Bwana Ngala. "Haki anayo. Adabu sina namna ya kumpa."

Ilipobaki kama robo saa, Mwanamisi akateremka kitini. Akaichukua chupa yake ya maji, akazunguka meza, akasimama mbele ya Harrison, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mjomba, unaumwa?"

Harrison angeweza hapo kucheka, angeweza kumpa mkono, angeweza kusema lolote na yote yakaisha. Hakumtazama. Alisema huku macho yako juu, "Rudi ukae. Saa bado inatembea."

Mtoto akarudi akakaa. Chupa akaiweka upande wa Harrison, karibu na vipande vilivyoliwa.

Choo, kikopo cha chini ya kitanda, ngozi sakafuni, vyote nilivizoea kwa sababu nilivihesabu kuwa uchafu wa mwili, na mwili una dawa. Hili nilikuwa nimeliona mara elfu juu ya mtungi wa maji na sikuwahi kuona lilivyo, kwa kuwa yule wa Ufilipino hakuwa na uso. Huyu alikuwa na uso. Alikuwa na nukta ya hina kwenye kiganja.

Fridah hakusubiri saa iishe. Alisimama, akakung'uta fulana, akapita karibu nami. Alijua natoka kwa Harrison, alituona tukiingia pamoja.

"Mwambie nimeona," akasema.

"Nimwambie nini, dada?"

"Nimeona. Hilo tu. Atajaza mwenyewe."

Saa ilipokwisha, Bwana Ngala akamwinua mkono Mwanamisi na watu wakapiga makofi mpaka mabati yakalia. Harrison alikwisha kwenda kwenye katoni kutafuta simu yake.

Tulirudi nyumbani. Rispah alikuwa mlangoni, chanuo mkononi, kichwa cha mteja kimesukwa nusu.

"Vipi?"

"Yule Fridah ana watu wake," akasema Harrison. "Na saa zao mbovu. Halafu wananipa mtoto, nitajisikiaje kumshinda mtoto?"

Akaingia ndani. Rispah akanitazama mimi. Kwetu mtu hamsemi mume wa dadake, na mimi si msemaji, lakini alinitazama kwa muda mrefu na nikamwambia yote kwa mpangilio, shikamoo, askari wa pembeni, chupa ya maji. Aliuliza swali moja.

"Huyo mtoto alimwita mjomba?"

"Ndiyo."

Akarudi kusuka. Mteja akasema anavuta nywele sana, unaniumiza, mama, naye akasema samahani.

Kazi ya ubao wa bwawani alipewa Sanga, anayefyeka nyasi pale hotelini, kijana wa Kikoneni ambaye hadi mwezi uliopita hakujua farasi anaruka vipi. Habari hizo nilizipata kwa Harrison mwenyewe, kwa kuwa dirisha la chumba cha kuoshea vyombo linatazama bwawa na anamwona mchana kutwa.

"Hajui kitu," alituambia juzi jioni. "Anacheza na katoto ka Kijerumani, anafungwa, halafu anachuchumaa anakauliza, 'Hapa nimekosea wapi? Nionyeshe.' Mtu mzima! Katoto kanamwonyesha, kanamcheka, naye anacheka. Eti ndio mwalimu."

Alisema hayo amekaa kitandani, shavu limevimba. Rispah alikuwa amepiga magoti sakafuni na khanga yake, anamkausha katikati ya vidole, anampaka mafuta. Mkono mmoja tu. Ule wa pili ulikuwa na simu, unacheza.