Bi Halijakaa na Mfungwa Aliyegoma Kutoka

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, dukani, hata kwa mashemeji zake, alikuwa Bi Halijakaa, maana neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa ameshona kwa cherehani miaka thelathini na moja. Mteja akijitazama kwenye kioo akachekelea, yeye alikunja uso, akashika bega la gauni kwa vidole viwili, akasema, "Halijakaa. Vua." Wateja walinung'unika, ila hawakumhama, kwa sababu nguo ikishatoka mikononi mwake haikurudi tena kwa marekebisho.

Balaa ni kwamba alikuwa pia mshairi, na mashairi ya watu aliyapokea vivyo hivyo. Aliliweka shairi juu ya cherehani, akachomoa uzi kwenye sindano, akakanyaga pedali huku akisoma kwa sauti: mizani moja, pigo moja la sindano. Mstari ukiwa na mizani zake kumi na sita, mguu ulitembea wenyewe. Ukizidi au ukipungua, mguu ulijikwaa. Hapo alichukua chaki nyekundu ya kuchoria vitambaa akaandika pembeni: "Mizani imezidi." "Kina kimekimbia." Na chini kabisa, kila mara, bila huruma: "Halijakaa."

"Dada, wewe hata maiti utamwambia sanda haijamkaa," alisema mdogo wake, aliyekaa kiti cha pili akishona vifungo.

"Zipo zisizokaa," alijibu, wala hakucheka.

Chama chao cha washairi kilikuwa na wanachama saba, sita kati yao viongozi. Siku moja viongozi hao waliamua kuwalea kwa barua washairi waliokuwa gerezani, kila mwanachama na mfungwa wake. Siku ya kugawana, Bi Halijakaa alikuwa amebanwa na nguo za harusi, hakwenda. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwajua washairi. La kwake lilikuwepo, likimsubiri ndani ya bahasha nene: mfungwa wa karakana ya mbao ambaye wenzake wote walimkwepa, kwa kuwa shairi lake la kwanza lilikuwa na beti arobaini na mbili.

Kule ndani walimwita Seremala. Alihukumiwa miaka kumi na sita, na alikuwa amebakiza mmoja. Alimpiga mwenzake katika ugomvi wa kazini, yule mtu akaanguka na hakuamka tena. Katika barua zake hakujitetea hata kwa nusu sentensi. Alitaka jambo moja tu, shairi la kumwomba radhi binti yake wa pekee, aliyemwacha mdogo na ambaye hakuwahi kuja kumtazama. "Mwalimu," aliandika, "siku ukiniambia limekaa, nitalishika mkononi nimrudie nalo. Bila hilo sina uso wa kumtazama."

Bi Halijakaa akalikata hadi beti saba. Mwaka mzima karatasi zilikwenda na kurudi, na kila moja ilipita kwanza kwa afande wa kukagua barua, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta mipango ya kutoroka. Mwezi wa kwanza aligonga mhuri tu. Mwezi wa tatu aliandika chini ya mhuri, "Ubeti wa nne umenigusa. Afande." Bi Halijakaa akamjibu kwa chaki, "Kuguswa si hoja. Taja sababu." Mwezi wa sita afande akaambatanisha shairi lake mwenyewe, linalohusu funguo. Halikuwa limekaa.

Basi Alhamisi moja asubuhi, afande huyo akatokea dukani mzimamzima, kofia mkononi, uso wa mtu aliyeleta habari za msiba. Mdogo mtu akamsogezea kiti.

"Mwalimu, tumeshindwa," akasema. "Kifungo cha Seremala kimeisha Jumatatu. Amegoma kutoka."

"Amegoma vipi?"

"Amekaa kitandani. Anasema ubeti wa saba bado, na wewe ndiye uliyemwandikia hivyo. Binti yake alipewa taarifa, amekuja. Yuko getini tangu hiyo Jumatatu, anafika asubuhi, anaondoka jioni. Na hesabu yetu haitimii, mama! Kwenye daftari hayumo, kitandani yumo. Mkuu wa gereza ameamuru aandikwe kwenye kitabu cha wageni."

"Si mumtoe kwa nguvu?"

"Sheria inatuambia namna ya kumzuia mtu asitoke. Ya kumzuia asibaki hakuna. Mkuu amepekua kurasa zote." Afande akashusha sauti. "Bweni zima limegawanyika. Hawa wanataka ubeti uishie kwa 'ma', wale wanataka 'wa'. Jana wamerushiana sabuni. Sasa binti amesema leo ndiyo mwisho, kesho anarudi kazini, na akiondoka hatakuja tena. Niandikie tu kwamba limekaa, Mwalimu. Neno moja, nigonge mhuri."

Neno moja tu, na mtu angekwenda kwao. Lakini neno hilo Bi Halijakaa hakuwahi kumpa hata marehemu mume wake, aliyemtungia shairi la posa. Alimrudishia likiwa limejaa chaki, kisha akaolewa naye hivyo hivyo.

Akafungua droo, akatoa nakala nne za mwisho za ubeti wa saba, akaanza kukanyaga. Katika nakala ya nane mguu ulijikwaa mstari wa tatu. Katika ya tisa mstari wa tatu ulikuwa umenyooka vizuri, ila wa kwanza, ambao awali haukuwa na kasoro, ulikuwa umepinda. Katika ya kumi wa kwanza umepona, wa pili umeugua. Ya kumi na moja, wa nne. Mguu ukasimama juu ya pedali. Kosa lilikuwa linatembea.

Alilijua kosa la aina hiyo. Bibi harusi asiyeitaka harusi huja leo akisema punguza kiuno, kesho ongeza, keshokutwa mikono inambana, na nguo yenyewe haina shida yoyote. Hasira zikampanda, kwamba mtu mzima alikuwa anamchezea mwaka mzima. Halafu zikashuka ghafla, akasikia uchungu, kwa sababu kila alipoandika "Halijakaa" alikuwa anamkabidhi yule mtu sababu nyingine ya kujificha.

"Twende," akamwambia afande.

Bwenini wafungwa walikuwa wamesimama kando ya vitanda, wenye 'ma' upande huu, wenye 'wa' upande ule, na mkuu wa gereza katikati akiwa ameshika kitabu cha wageni. Seremala alikuwa amekaa kitandani. Sare ni mali ya serikali, kwa hiyo walikuwa wameichukua na kumrudishia suti aliyoingia nayo. Mabega ya miaka kumi na sita ya kusukuma randa yalikuwa yameupasua mshono wa mgongoni. Bi Halijakaa aliuona mshono kabla hajauona uso.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, akiinuka nusu.

"Marahaba. Ubeti wa saba unaufumua mwenyewe."

Wenye 'ma' na wenye 'wa' wakatazamana.

"Mstari mmoja ukinyooka, unapinda mwingine. Nimelinganisha nakala nne. Unaogopa."

Seremala akatazama viatu vyake. "Naogopa," akasema. "Humu najua kitanda changu, najua zamu yangu ya kudeki. Nje kuna mtu mmoja tu ninayemjua, na sijui ataniambia nini."

"Basi sikiliza. Halijakaa."

Mkuu wa gereza akaguna kwa uchungu.

"Na humu halitakaa kamwe," akaendelea Bi Halijakaa. "Nguo hujaribiwa mwilini mwa mwenyewe, haijaribiwi mwilini mwa fundi. Mimi nimeivaa mwaka mzima, na si yangu. Mwenyewe yuko getini anangoja. Simama twende tukajaribu."

Ilichukua muda, ila alisimama. Mkuu alimtilia saini haraka kabla hajabadili mawazo, na kwenye safu ya shughuli iliyomleta mgeni akaandika "marekebisho". Wafungwa waliwafuata kwa macho hadi mlango wa mwisho, na hakuna aliyerusha sabuni.

Binti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa aproni ya watu wanaofua mashuka ya hospitali. Alikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini. Alimtazama baba yake kuanzia viatu hadi kichwani, hakuinuka. Seremala naye hakuthubutu kumsogelea wala kumsalimu. Alifungua karatasi yake na kuanza, huku afande akihesabu mizani kwa vidole nyuma ya mgongo. Ubeti wa kwanza ukapita. Akaingia wa pili:

"Nilikuacha nyumbani, ukiwa miaka sita,
Kiatu kimoja chini, kingine ukitafuta..."

"Ishia hapo," binti akasema. "Sita? Nilikuwa na minne. Miaka yote hii nilikuwa najiuliza kama huyu mtu ananikumbuka. Kumbe hata umri wangu hukuujua."

Seremala akaishusha karatasi. Alimtupia Mwalimu jicho mara moja, akaliondoa upesi na kuinama.

Bi Halijakaa akaikumbuka karatasi ile. Nakala ya pili. Mtu huyu alikuwa ameandika minne. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake na chaki yake, alikuwa ameandika pembeni: "Minne inavunja kina, na mizani inazidi. Weka sita." Seremala alitii. Na sasa angeweza kujiokoa kwa neno moja tu, lakini alikuwa amelimeza ili mwalimu wake asiaibike.

"Aliujua," Bi Halijakaa akasema. "Yeye aliandika minne. Mimi ndiye niliyemwambia aweke sita."

"Kwa nini?" binti akauliza.

Alitafuta jibu ambalo mtu angeweza kupewa akiwa amekaa juu ya ndoo siku nne, hakulipata. "Ili kina kikae," akasema.

Binti akamgeukia baba yake. "Lisome ulivyoliandika wewe."

"Kina kitavunjika, mwanangu," Seremala akasema taratibu, macho kwa mwalimu wake.

"Kivunjike," akasema Bi Halijakaa.

"Nilikuacha nyumbani," Seremala akasoma, "ukiwa miaka minne."

Mstari ulichechemea waziwazi. Afande alikuwa ameacha kuhesabu. Binti akainuka kutoka kwenye ndoo, akajifuta uso kwa ncha ya aproni, akamsogelea baba yake hadi akaweza kuiona karatasi.

"Haya, baba," akasema. "Endelea hapo kwenye kiatu."