Ufa wa Chumbani kwa Mama

Kwa miaka sita nimechora ukuta mmoja tu: ule wa chumbani kwa mama, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Wachoraji wenzangu wanaouza picha karibu na Forodhani huchora milango na Wamasai, maana ndivyo vinavyonunuliwa. Mimi nilipenda ufa. Ulianzia juu ya dirisha, mwembamba, na kila masika unyevu uliupa rangi mpya: kijani, kahawia, mara waridi. Asubuhi nilikaa kitandani kwa mama, yeye akichambua mchele, mimi nikichora. Sikubuni kitu. Nilichora nilichokiona, kwa kipimo kilekile, na hilo ndilo nililojivunia.

Ukuta ulipozidi kulowa, nilimwita fundi aupige plasta ya saruji kwa nje ili picha zangu nilizoziweka humo chumbani zisiote ukungu. Nilijiona mjanja kweli.

Mwezi uliopita nilikuwa nachagua picha za maonyesho, nikapanga sita sakafuni, moja ya kila mwaka, kwa mfuatano. Katika picha ya kwanza ufa uliishia kwenye pembe ya dirisha. Katika ya sita ulikuwa umefika kwenye boriti, juu ya mto wa mama.

Nikamleta fundi mzee wa chokaa kutoka Ng'ambo. Aligonga ukuta kwa kidole, akauliza ni nani aliyeweka saruji. Nikasema ni mimi. Akanieleza kwamba mawe yetu haya hupumua kwa chokaa. Ukiyafungia saruji, maji hubaki ndani yakayala. Mama asilale pale hata siku moja zaidi, akasema.

Mama hakutaka kusikia. Aliingia humo akiwa bibi harusi, akasema, atatoka akibebwa. Kila mlango ulipobamizwa nilitazama juu. Mwisho nikamletea picha zote sita, nikazisimamisha mbele yake na kumwonyesha jinsi ufa ulivyotembea. Nilidhani ataogopa ukuta.

Alizitazama mojamoja, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ulikuwa ukiuona, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii, na mimi nnalala chini yake."

Nilitaka kusema sikujua. Lakini kila masika nilipoukuta umerefuka nilifurahi, kwa kuwa picha ingekuwa nzuri zaidi.

Mama akaanza kukunja kanga zake. Niliogopa hata kumsaidia.