Jina Kwenye Kitambaa cha Mama

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alihamia kwetu Ilemela wakati watu wa kwao, ng'ambo ya Kamanga, walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumba yake ya zamani ilibaki porini na ile mpya ilikuwa haijaezekwa. Akavuka na kivuko, akapanda kilima cha mawe hadi kwetu akiwa na kuku kwenye tenga, akasema atakaa mpaka mambo yatulie. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa ukutani.

Ukutani kulikuwa na kitambaa cha mama. Mama alikuwa Mhaya, alisomeshwa na masista wa misheni upande wa Bukoba, na kitambaa kile alikuja nacho alipoolewa. Kilikuwa cha rangi ya uji, kimedariziwa kwa uzi mwekundu na wa buluu: safu za herufi, safu ya tarakimu, ndege wawili waliopeana mgongo, nyumba yenye paa refu lililochongoka, na maneno machache chini kabisa. Mimi nilizaliwa nikakikuta pale. Sikuwahi kukitazama zaidi ya ninavyotazama dirisha.

"Hiki ni kitu gani?" shangazi alimuuliza baba, mama akiwa jikoni.

"Mambo ya shule, dada. Walifundishwa kushona."

"Shule gani inafundisha ndege kununiana?"

Baba alicheka. Shangazi hakucheka. Alihamisha mkeka wake ili asilale miguu ikikielekea. Alianza pia kukumbusha mambo: kwamba tangu baba aoe havuki kwenda kusalimia, kwamba alipokuwa kijana hakuwa na kikohozi, kwamba uzi mwekundu hauwekwi bure. Mama alikuwa anasikia yote. Alikuwa anaendelea kupakua chakula.

Siku moja shangazi aliniita, akanionyesha kitambaa kwa kidevu. "Nisomee."

Nikasoma herufi, kuanzia A, kwa sauti ya darasani. Akanikatiza kabla sijafika katikati.

"Mbona haraka hivyo? Utakuwa umefundishwa useme hivyo. Wewe umenyonya kwake."

Wiki hiyohiyo akajiandikisha darasa la watu wazima. Sisi tulidhani ni kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita kuwahimiza watu. Mchana, akitoka kupalilia, alikuwa anafunga kanga ya pili kiunoni na kuteremka hadi shule ya msingi, ambako walikuwa wanasoma chini ya dirisha la darasa letu. Alijifunza upesi kuliko wenzake. Jioni alisimama mbele ya kitambaa, kidole hewani bila kugusa, midomo ikicheza.

Kusoma hakukumtuliza.

"Wifi," alimwambia mama, "herufi hizi mbili mwalimu hajatufundisha."

Zilikuwa Q na X. Mama akamwambia ni herufi za Kizungu, Kiswahili hakizitumii.

"Kama hazitumiki, umeziweka za nini?"

"Sista alituambia tuziweke."

"Na hii," shangazi akaonyesha X, "mbona kama mtu amefunga njia?"

Mama akaenda zake kuchambua mchele. Nami, lazima niseme, kuanzia hapo nilikuwa nikipita karibu na X ile naharakisha.

Baadaye shangazi akafika kwenye maneno ya chini. Ilikuwa Jumapili, baba yupo, tumetoka kanisani. Alisoma silabi kwa silabi, akarudia, kisha akakaa kwenye kiti.

"Mdogo wangu. Hili si jina la mke wako."

Baba akainuka kusoma. Alikaa na kitambaa kile miaka yote hiyo asisome mstari wa mwisho. Akasoma, akasoma tena.

"Mwanamke unayeishi naye ni nani?" shangazi akauliza. "Ametuletea jina gani akaolewa nalo?"

Nilimtazama baba nikitegemea atacheka kama kawaida. Hakucheka. Alimgeukia mama taratibu, na katika uso wake nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: alikuwa anangoja jibu. Nami nikamtazama mama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Mama alikishusha kitambaa, akakilaza mezani, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Hili ni jina la rafiki yangu," akasema. "Tulikuwa tunalala vitanda vya jirani."

Akaeleza kwamba kila msichana pale misheni alishona kitambaa chake cha mazoezi. Sista alisema kwao Ulaya wasichana walijifunza hivyo tangu zamani, bibi yake pia. Mtu alijifunza herufi na sindano kwa pamoja, ili baadaye aweze kutia alama kwenye mashuka na nguo za nyumba yake. Ile nyumba yenye paa refu waliinakili kutoka kitambaa cha sista mwenyewe. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Vitambaa vikiisha, vilifungwa kwenye sanduku na kupelekwa Ulaya wafadhili wakavione. Rafiki yake alimaliza herufi na tarakimu, akaenda likizo, homa ikamchukua. Mama akaomba akimalizie. Akashona ndege na nyumba, akaweka jina la mwenzake kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Masista hawakutaka kupeleka kitambaa cha marehemu. Wakampa.

"Hukuniambia," baba akasema.

"Ningeanzia wapi? Ndugu zako walikuwa wanasema nina mkosi. Niwaambie nimetundika kitambaa cha marehemu sebuleni?"

Shangazi hakuwa mtu wa kuamini kwa maneno. "Nitajuaje mlikishona wawili?"

"Mwenzangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Pitisha kidole."

Kwa mara ya kwanza akakigusa. Akapitisha kidole kwenye herufi, akateremka kwenye ndege, akarudi juu. Nami nikajaribu. Nyuzi za juu zililalia upande mmoja, za chini zikalalia upande mwingine, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa pande mbili.

Shangazi akaondoa kidole. Kisha akainua uso, ukali wote umerudi.

"Na cha kwako wewe kiko wapi?"

"Kilikwenda Ulaya na vingine."

"Hakikurudi?"

"Havirudi, wifi."

"Wanawatuma watoto wamalize macho, halafu wanachukua? Na wewe ukakaa kimya?" Alimgeukia baba. "Umesikia hawa masista?"

Toka siku hiyo shaka yake ilivuka ziwa. Alimsimamia mama mpaka akaandika barua misheni kuulizia kitambaa chake. Jibu lilikuja baada ya msimu mzima: sista yule alishafariki, na hakuna aliyejua masanduku yalipelekwa kwa nani. "Wanaficha," shangazi akasema, na mpaka anazeeka hakubadili kauli hiyo.

Mama akaanza kitambaa kingine, cheupe. Duka la ushirika lilikuwa na uzi mweusi, wa kijani na mweupe tu, kwa hiyo ndege wake walikuwa weusi kama kunguru. Alipofika kwenye jina lake alitumia mweupe. Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni akitenganisha nyuzi, akakivuta kitambaa usoni mwake.

"Fumua," akasema. "Hapa mtu hawezi kusoma. Weka mweusi."