Viatu vya Mlinzi wa Daraja

Mimi nauza spika, kwa hiyo msimamo wangu ujulikane mapema: kitu kisicho na sauti ni nusu ya kitu. Duka langu lina spika za gari, za sebuleni, za ukumbini, na moja kubwa kuliko friji ambayo hakuna anayeinunua ila kila anayeingia anaomba iwashwe. Mke wangu ana chumba cha ushonaji mlango wa pili kutoka kwangu, na jambo hili tumebishania tangu tuoane. Lile gemu analocheza baba yake halina sauti. Muziki upo, mapanga yanagongana, mvua inanyesha mpaka unatamani kuanua nguo, lakini watu wake hawasemi. Wanachezesha midomo, halafu maneno yanaandikwa chini kwenye kisanduku, ujisomee mwenyewe.

"Wangetafuta waigizaji wakawapa watu wale sauti," nilimwambia siku moja, "gemu lingekuwa zuri mara mia."

Hakunijibu, maana alikuwa na pini mdomoni. Mke wangu akishona hubana pini kwa midomo, saba au nane kwa mkupuo, na tangu asubuhi mpaka saa kumi huongea kwa nyusi. Ukipanda unyusi mmoja, mteja ageuke. Zikipanda zote mbili, mteja amenenepa na asijitetee. Wateja wake wameshazoea. Kuna mama mmoja huwa anajibizana na nyusi zile na kuondoka akiwa ameshindwa. Siku hiyo nyusi ziliniambia nirudi dukani kwangu.

Lakini akizitoa zile pini, jamani, mwanamke huyu ana watu arobaini kooni.

Tuligundua hilo miaka sita iliyopita. Baba mkwe wangu, fundi bomba kwa kazi yake, alinyanyua tangi la maji peke yake kwa ubishi tu, mgongo ukagoma. Daktari akamwambia akae ndani miezi mitatu. Mtu aliyezoea kulala chali chini ya masinki ya watu, leo anaambiwa alale chali kwenye kochi lake! Alinuna. Alinuna mpaka mama mkwe akawa anapiga hodi kuingia sebuleni kwake mwenyewe. Hapo mke wangu akachukua mashine ya gemu aliyokuwa nayo tangu enzi za chuo, akampelekea, pamoja na toleo la kwanza la mfululizo ambao sisi tunauita Daraja, kwa kuwa jina lake halisi ni refu na hakuna anayelikumbuka. Unapewa mtu wako, unazunguka naye nchi nzima, unaongea na kila unayekutana naye na kuchagua umjibu nini, na kadiri unavyowasaidia watu ndivyo mtu wako anavyopata nguvu. Kuongea ndiyo kazi yenyewe. Na maongezi yote ni ya Kiingereza, ambacho kwa baba mkwe kinaishia kwenye maandishi ya maboksi ya koki.

Basi yeye akashika padi, kile kidude cha kubonyezea, mke wangu akakaa kwenye mkono wa kochi, akawa anasoma kisanduku na kugeuza Kiswahili papo hapo. Malkia alimpa sauti ya yule mteja anayedai gauni limebana kumbe kanenepa yeye. Mchawi akasema polepole, kama karani ambaye muda wa chakula umekaribia. Kuna mbuzi hata hakuandikiwa neno, naye akapewa maoni yake. Mama mkwe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Humo ndani mna watu wengi kuliko ukoo wetu, na wote wana shida." Kisha akaketi.

Mgongo ukapona, Jumapili zikabaki. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, miaka sita, matoleo manne. Nami nimekaa pembeni miaka yote hiyo, nikicheka kama wengine na kulalamikia spika za televisheni ile.

Katika watu wote wa Daraja, baba mkwe alimpenda mmoja kupita kiasi, na si malkia wala shujaa yeyote. Ni mlinzi. Anasimama mwanzo wa daraja lenyewe, na kila ukivuka lazima umpite. "Pita salama, mwanangu," alikuwa akisema kwa sauti ya mke wangu, ya kukwaruza na ya upole. "Ila usiangalie viatu vyangu. Vidole vimetoka nje kusalimia wapita njia." Hiyo ndiyo siku baba mkwe aliyocheka kwa mara ya kwanza tangu aumie. Kila alipovuka, mlinzi alikuwa na jipya: mkewe hamsikilizi, mgongo unamuuma wakati wa baridi, binti yake ameolewa ng'ambo ya mto na mkwe mwenye kelele. Nilicheka na hilo pia, sikujua ninachochekea.

Baadaye, katika pango fulani, baba mkwe aliokota viatu vikuukuu vya ngozi. Havikuwa na kinga wala nguvu yoyote. Wafanyabiashara wa kwenye gemu hawakuvitaka hata bure. Akavitia mkobani. "Hivi ni vya mzee wa darajani," alisema. Gemu halikuwa na njia ya kumpa, lakini mtu wako na mkoba wake huhama nawe kwenda toleo linalofuata, basi akavibeba toleo la pili, la tatu na la nne. Aliwahi kutupa upanga wa kifalme ili vipate nafasi. "Siku itafika," alisema. "Wenye gemu hawakumfanya alalamike bure."

Sasa mwaka huu likatoka toleo la tano, na ndani yake, kwa mara ya kwanza, waigizaji zaidi ya mia. Kila mtu anasema, hadi mchunga bata. Mke wangu alikuwa na kikohozi wiki mbili na sauti imekauka. Nikaona nimepata nafasi ya kumpumzisha mke, kumfurahisha mkwe na kushinda mabishano kwa pigo moja. Nikalinunua, nikachagua na spika mbili nzuri dukani kwangu, nikaenda kutangaza.

"Shikamoo baba. Daraja la tano limetoka, na watu wake wanaongea wenyewe!"

"Marahaba. Wanaongea? Wote?"

"Wote, baba."

"Na mzee wangu wa darajani?"

"Yeye ndiye nitakayemfungia spika yake maalumu."

Baba mkwe alipiga makofi kama mtoto. Nikageuka nione mke wangu anavyonionea fahari. Alikuwa anatazama zulia.

Kesho yake nilimkuta kwenye chumba chake cha ushonaji, pini ziko kwenye kikopo na cherehani haigeuki. Mke wangu asiyeshona na asiyeongea, huyo nilikuwa sijawahi kumwona.

"Yule mlinzi," alisema, "ana maneno mawili tu. Pita salama. Basi."

"Na viatu?"

"Nilivitunga. Baba alikuwa amenuna siku kumi na tisa. Nikaona mwanamume kasimama kwenye mvua na maneno mawili, nikamwongezea. Baba akacheka. Nikaongeza tena." Akajifuta macho kwa tepu ya kupimia. "Miaka sita amebeba viatu vya mtu asiye na shida ya viatu. Na Jumapili atamsikia kwa masikio yake."

Nilikaa juu ya marobota ya vitambaa. Nikajitolea kukata waya wa spika kwa siri. Akaniuliza kama muuza spika mwenye heshima zake anaweza kumnyima baba mkwe sauti. Nikasema basi tuseme gemu ni bovu. Akasema baba atalipeleka likatengenezwe, anamjua baba yake. Nikaona nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na nimemtia sufuriani mke wangu.

"Akijua nilikuwa namdanganya," alisema, "hatanitaka tena nimsomee. Na sasa hana haja ya kusomewa."

Jumapili ikafika. Nilifunga spika vizuri, siwezi kufunga vibaya hata nikitaka. Baba mkwe alivaa shati la kutokea. Gemu likawaka, malkia akafungua mdomo, na lo! Sauti nzito, ya madaha, ikajaza sebule mpaka glasi kabatini zikatetemeka. Mimi mwenyewe nywele zilisimama. Baba mkwe akatoa macho.

"Anasemaje?" akauliza.

Mke wangu akaanza kusoma, lakini malkia hakumsubiri. Alikuwa ameshafika mbali, halafu waziri akadakia, na mke wangu akawa anawakimbilia na kikohozi chake. Baba mkwe aligeuza kichwa huku na huku kama aliyefunguliwa redio mbili. Baada ya nusu saa mke wangu alinyamaza kabisa, akashika tama. Waigizaji wakaendelea, mafundi kwelikweli, siwezi kuwasingizia. Baba mkwe akawa anabonyeza tu majibu bila kujua anakubali nini. Nadhani tulitangaza vita mahali fulani.

Ndipo likaja daraja. Baba mkwe akajiweka sawa kwenye kochi, akafungua mkoba, akahakikisha viatu vipo. Akamsogelea mlinzi na kubonyeza.

Mlinzi akasema maneno yake mawili, kwa sauti nzuri ya mtu aliyelala vizuri.

Baba mkwe akasubiri. Akabonyeza tena. Maneno yale yale mawili. Akabonyeza mara ya tatu, halafu akanigeukia.

"Mkwe, spika zako zinakula maneno."

Miaka kumi na moja kwenye biashara, hakuna aliyewahi kunitukana hivyo, nami nikainama kukagua waya.

"Spika ni nzima, baba," mke wangu akasema. Alikuwa ameshuka kwenye mkono wa kochi na kusimama mbele yake kama mtu aliyevunja kitu. "Maneno yake ni hayo tu. Toka toleo la kwanza. Mengine yote nilimtungia mimi."

Mama mkwe aliacha kumenya chungwa.

"Viatu?" baba mkwe akauliza.

"Hakuwahi kuvitaja."

"Na mkewe asiyemsikiliza?"

"Hana mke, baba."

"Na mgongo?"

"Mgongo ni wako."

"Na yule mkwe mwenye kelele..." Hapo wote wawili walinitazama, nami nikatazama spika.

Baba mkwe aliweka padi mapajani. Nilikwisha kuona Jumapili zetu zimekwisha, na kwamba mimi ndiye niliyezimaliza, na pesa nilitoa mwenyewe.

"Kwa hiyo miaka sita," alisema polepole, "kila nikivuka daraja hili, nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi, baba."

Aliifikiria hiyo. Kisha akaonyesha mkono wa kochi. "Sasa mbona umenyamaza? Rudi ukae hapa. Nimeongea na huyu kijana wa kwenye spika mchana kutwa, hajaniuliza hata mgongo."

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja, kazi inayotaka ustadi ukiwa na kikohozi. Mama mkwe akasema alijua siku nyingi, mlinzi wa kweli hawezi kuwa na maneno ya kiukoo namna ile. Mimi nikapewa amri ya kupunguza sauti za watu na kuacha muziki, na nikagundua gemu lenyewe lina mahali pa kufanya hivyo, pamoja na kulifanya lisubiri kitufe kibonyezwe kabla mtu wa pili hajadakia. Wenye gemu walikuwa wamewafikiria watu kama sisi kuliko nilivyowafikiria mimi. Bado nasema sauti hulifanya gemu kuwa bora, na sibadiliki. Nilichokosea tu ni sauti ya nani.

Toleo hili lilikuwa na jambo moja jipya ambalo mimi na shangwe zangu sikuwa nimelisoma kwenye boksi: unaweza kutoa kitu mkobani na kukiweka chini. Baba mkwe alilipata peke yake, kwa vidole vile vya kufungia nati. Akaviweka viatu mbele ya miguu ya mlinzi, kimoja, kisha cha pili, akakisogeza cha kushoto mpaka vikalingana. Halafu akavuka, akazunguka upande wa pili, akarudi. Viatu vilikuwa palepale, mvua inavinyeshea.

Akabonyeza. Midomo ya mlinzi ikacheza, kimya, maneno yake mawili.

"Anasemaje?" baba mkwe akauliza.

Mke wangu alikohoa, akatafuta ile sauti ya kukwaruza, na safari hii hakuhitaji kuitafuta mbali.

"Anasema asante, mwanangu. Vinabana kidogo kwenye kidole gumba."

"Mwambie vitalegea," alisema baba mkwe, na akamkabidhi binti yake padi abonyeze mwenyewe.