Cheti cha Mwenye Duka la Vitambaa

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Mbale: mama niliyefanya naye kazi ofisi ya kodi Jinja, enzi za utawala wa kijeshi, amefariki, na amezikwa chini ya mlima Wanale. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa karani. Yeye alikuwa mkubwa wangu, mwanamke wa sauti ya chini asiyependa kurudia neno.

Serikali ilipowafukuza Waasia, mwenye biashara hakuruhusiwa kuondoka bila cheti chetu kwamba hadaiwi kodi. Asubuhi moja mwenye duka la vitambaa na mama yake mzee walikuwa wameketi mbele ya mkubwa wangu. Siku ya mwisho ikipita bila cheti, wangebaki mikononi mwa askari. Akaingia afisa wa jeshi aliyelitamani lile duka.

"Wewe mama, huyu muhindi usipatie yeye cheti. Iko mali amefichaficha. Akikaa hapa, atasema."

"Afande, huyu amelipa. Dawa ya deni ni kulipa."

"Unafanya kazi ya serikali ama ya muhindi?"

"Ya serikali, afande. Ndiyo maana siwezi kumdai mara mbili."

Akagonga muhuri palepale. Wale wawili wakaondoka nchini. Yeye akahamishiwa Mbale, akakatazwa kutoka nje ya mji bila ruhusa ya kambi ya jeshi. Nilipomtembelea katika chumba chake cha kupanga mtaa wa Namakwekwe, alinisindikiza mpaka nyumba za mwisho za mji, akasimama kama aliyefika ukutani. Mama yake mzazi alipofia Nalufenya, kule Jinja, aliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Akaambiwa, "Ngoja." Mama yake akazikwa bila yeye. Nilimuuliza kama anajuta. "Mama yangu namjutia," alisema. "Muhuri siujutii." Utawala ule ulipoanguka alikuwa huru kurudi Jinja, lakini hakurudi; alisema kule hakuna tena wa kumwamkia.

Vijana huniuliza ofisi ya kodi ina kazi gani kwa biashara za wageni. Kazi yake ni kusema kweli juu ya deni, liwepo au lisiwepo. Lile duka alipewa afisa, na hakuna aliyethubutu kumdai kodi. Ndugu zetu wenye vibanda ndio waliokamuliwa badala yake. Nchi ikishazoea kumdai mgeni deni asilokuwa nalo, mwenyeji naye ajiandae kudaiwa.