Kadi ya Tata Ilipogeuka Buluu

Kwa miaka mitatu kazi yangu pale Kolwezi ilikuwa kuwaomba wanaume wenye heshima zao wanipe mavi yao. Nalitaja neno hilo bila kupepesa macho kwa sababu nilikula kwa kazi hiyo, na kwa sababu watu wanaoliogopa wamenichosha. Nilikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali ya mgodi, labo kama tulivyoiita, chumba chenye madirisha mawili, darubini moja, na masanduku ya viatu yaliyojaa kadi.

Kadi zilikuwa za daktari wetu mkuu. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mrefu, mkimya, mvutaji wa sigara, na alikuwa na swali moja ambalo halikumpa usingizi. Vitabu alivyosomea viliandika kwamba sisi tunaokula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, saratani ya utumbo mkubwa haitupati, au hutupata kwa nadra sana. Yeye alikuwa amewapasua wachimbaji kadhaa akakuta uvimbe umeshaziba njia na kufika kwenye ini.

"Banasema haitupati, juu hakuna mutu anaitafuta," aliniambia siku ya kwanza. "Bantu banakuya kwetu wakati ya kufa tu."

Ndipo akaanza utafiti wake. Kila mfanyakazi aliyepita miaka hamsini angepewa kadi ya karatasi yenye vidirisha vitatu na kijiti cha mti. Siku tatu asile nyama nyekundu, kisha siku tatu mfululizo apake kidogo cha choo chake kwenye kidirisha kimoja kimoja. Akishanirudishia, mimi nadondosha dawa nyuma ya karatasi. Ikigeuka buluu, kuna damu ambayo jicho halioni. Buluu haikuwa na maana ya saratani, alinikumbusha kila mara. Ilikuwa na maana ya kutafuta zaidi, naye alikuwa na bomba lenye taa la kutafutia. Ugonjwa huo, alieleza, hauji mbio. Huanza na kinundu kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kikakaa humo miaka. Ukikikuta mapema unakikata, na mtu anarudi kwake kulima maharagwe.

Wanaume wa kambi walinitoa jasho. Mtu wa kwetu hatoi ovyo kilichotoka mwilini mwake, iwe kucha, nywele au hicho kingine, kwa sababu hujui mikono gani itakishika. Nilipita mlango kwa mlango, nikatukanwa, nikachekwa, nami nikajibu. Mmoja alinipakia kadi mavi ya mbuzi akidhani sitajua. Nilimrudishia mbele ya wenzake nikamwambia mbuzi wake ni mzima kabisa, sasa zamu yake. Walivunjika mbavu, na wiki ile nilipata kadi nyingi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Sikuwa na haya hata chembe. Mama alikuwa amefariki zamani, nililelewa na mwanamume peke yake, na nilijiona mtu wa kusema lolote mbele ya yeyote.

Isipokuwa mbele yake huyo mwanamume.

Tata, baba yangu, alikuwa fundi wa kulehemu pale mgodini. Baba yake aliletwa na mgodi kutoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, akabatizwa mtaa wa Manika, akaoa Manika, na Kasai aliijua kwa masimulizi tu. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na aliponiita hivyo hata nikiwa nimekasirika nilipoa. Tuliongea juu ya kila kitu: mpira, mahubiri ya padri, tabia za majirani. Lakini binti haongei na baba yake habari za msalani. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa maneno. Lilikuwapo tu, kama vile hakuna anayekufundisha kutokaa kwenye kiti cha mkwe.

Kwa hiyo kadi yake niliiweka mezani jioni moja bila neno. Kisha nikasoma masharti kwa sauti, nikiutazama ukuta. Nilipofika kwenye siku tatu bila nyama, naye aliujibu ukuta.

"Nyama? Mi nilisha kufunga nyama tangu kampuni inatulipa na kesho."

Nilicheka mpaka machozi. Siku chache baadaye nilikuta kadi juu ya kiti changu, imefungwa kwa gazeti na kamba juu yake, utadhani mkate. Yeye alikuwa uani, ananyeshea maharagwe, kanipa mgongo.

Wiki hiyohiyo chupa ya dawa ya kudondosha iliisha. Kila kitu kilikuwa kinaisha: glavu, mafuta ya gari la wagonjwa, uvumilivu. Migodi ilikuwa imesimama karibu yote. Na hapo ndipo kule kuwafukuza Wakasai, waliodaiwa kula kazi za wenyeji, kulipofika kwetu. Vijana walipita wakiimba, wakiwa na matawi mikononi, wakiweka alama za chaki kwenye milango ya watu wenye asili ya Kasai. Walituita wadudu. Baadhi yao niliwafahamu; baba zao niliwapigia kelele za kadi mwezi uliopita. Mlango wetu ulichorwa asubuhi, na kufikia jioni tata alikuwa ameshafunga masanduku mawili na cherehani ya mama.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kabla hatujatoka. Kwa upande wa mama, watu wa nchi hii hasa, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa upande wa tata, mtoto ni wa baba. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuulizana mimi ni wa nani.

"Shemeki," mjomba alimwambia tata, amesimama mlangoni bila kuvua kofia, "wee sina na uwezo ya kukuficha. Lakini huyu ni mutoto wetu. Hakuna mutu atamugusa."

Tata aliikaza kamba ya sanduku. "Basi mumulinde," alisema. Kisha akanigeukia. "Baki, mama. Mutu moja mu hii nyumba abakie na kazi."

Ningeweza kukataa. Wengi walikataa, wakapanda gari moshi na baba zao. Nilibaki kwa woga, sitaficha, na nilibaki pia kwa sababu kadi yake ilikuwa kwenye sanduku pale labo ikingoja dawa. Nilijiambia nitaisoma, nitamkimbilia stesheni na jibu kabla hajasafiri, tutacheka, basi.

Stesheni ilikuwa imejaa watu hadi kwenye reli. Walilala chini ya maturubai na mabati, wakipika palepale, wakingoja gari moshi la Mwene-Ditu, kule Kasai, ambalo hakuna aliyejua litakuja lini. Kila siku baada ya kazi nilimpelekea bukari na kapenta, dagaa wa kwetu, nikapita njia ya nyuma na mjomba. Tata alikuwa amekonda. Mkanda wake alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari. Nililaumu stesheni, nililaumu maji, nililaumu watu walioimba. Niliyemwonea aibu kumwuliza swali moja la kitabibu ni yeye tu, mimi niliyewauliza mamia ya wengine.

Gari moshi lilikuja Jumanne asubuhi bila taarifa, nikiwa kazini. Nilisikia honi kutoka labo. Nilipofika nilikuta mawe matatu ya jiko lake, bado ya moto.

Alhamisi dawa ikaja na lori la Likasi.

Daktari alitaka kadi zote za zamani zitupwe, kwa maana damu hufifia kadiri kadi inavyokaa. Nilimwomba moja tu. Nilidondosha dawa kwenye kidirisha cha kwanza, na buluu ilitokea kabla sijaondoa mkono. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa buluu kama wino wa shule. Nikamwita daktari. Daktari aliichukua kadi, akaisogeza dirishani, akazima sigara yake.

"Imekaa siku zote hizi na bado iko hivi," alisema. Kisha, taratibu: "Mutafute baba yako. Kule Mwene-Ditu kuko lopitalo ya misioni. Amwambie munganga amuangalie na bomba. Kama ni kinundu, kuko wakati. Kama inaanza kufunga njia, wakati haiko mingi. Umwambie wazi, unasikia? Wazi."

Nilisema nimesikia.

Njia ya haraka ilikuwa fonie, redio ya masafa marefu ya parokia. Uliacha ujumbe Jumamosi hii, upande wa pili ukamtafuta mtu wako, naye akaja kusema nawe Jumamosi ijayo. Niliacha ujumbe. Tulipofika siku ile, mimi na mjomba, benchi lilikuwa limejaa. Wote walikuwa na mtu wao kule. Walisikilizana habari, wakalizana, wakapeana pole. Hapakuwa na siri pale, na sauti zilikuwa mbaya hivi kwamba mwenye mashine, mzee wa kanisa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilazimika kurudia kila sentensi kwa kupaza sauti ndani ya kipaza, kisha kuturudishia jibu.

Halafu nikasikia sauti ya tata. Ilikwaruzwa na kupandapanda, lakini ilikuwa yake. Moyo ulinilipuka kwa furaha, nikasahau kila kitu.

"Mama, unanisikia? Ova."

"Nakusikia, tata. Ulifika muzuri?"

"Anauliza kama ulifika muzuri, ova!" alipaza mzee wa kanisa.

Alifika. Alikaa shuleni, darasani, pamoja na familia nyingine nne. Kule walimwona mgeni, Chiluba chake kiliwachekesha. Halafu akanyamaza. Ulikuwa ukimya mrefu, wenye mikwaruzo tu, na mzee wa kanisa akanitazama kunihimiza.

Nilikuwa na sentensi yangu. Niliifanyia mazoezi njia nzima kutoka kambini: tata, kadi yako ina damu, nenda hospitali ya misioni kesho. Niligeuka nikaliona benchi. Mjomba wangu, shemeji yake, alikuwa kando yangu. Kulikuwa na mke wa mwalimu, na mafundi wawili waliofanya kazi chini ya tata miaka kumi. Nikamwona mzee yule akiyapaza maneno yangu, choo cha baba yangu kikitangazwa kutoka Kolwezi mpaka Kasai, na kule nako watu wamejaa wanasikiliza.

"Tata, ulikula?" nikasema.

"Anauliza kama ulikula, ova!"

Kisha: "Nilikula, mama. Sante."

Nikaongeza kwamba nitamwandikia, aende akapumzike, ajiangalie afya. Ajiangalie afya! Ndivyo unavyomwambia mtu mwenye mafua. Zamu yetu ikaisha.

Barua niliiandika usiku uleule, na humo niliandika kila kitu wazi kama daktari alivyotaka, kwa sababu karatasi haikutazami usoni. Niliikabidhi kwa mama mmoja mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akienda kule kumtafuta mumewe. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa fonie. Betri ilikuwa imekufa. Jumamosi nyingine, hakuna aliyeitika. Reli ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Daktari naye aliondoka, akaniachia masanduku ya viatu na daftari la utafiti ambalo hakuna aliyelimaliza. Mbele ya nambari ya tata nilikuwa nimeandika "buluu, vyote vitatu". Safu ya mwisho, ya kilichofuata baada ya kipimo, niliiacha wazi kwa matumaini.

Jibu lilikuja mvua zilipoanza. Mama yule alikuja mwenyewe mpaka kwa mjomba, amevua viatu kwa tope, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nane. Ulikuwa mwandiko wa tata, herufi kubwa za fundi, nami nilianza kulia kwa kuuona tu.

"Mama," aliandika, "barua yako nilipata. Damu mi niliiona tangu Kolwezi, miezi mingi mbele ya kadi. Nilishindwa kukuambia, juu uko mutoto wangu. Siku ulileta ile kadi nilifurahi. Nilisema sasa kadi ndo itamwambia, mi sitasema kitu. Ku fonie nilingoja useme. Nilisema akisema tu, kesho naenda kwa munganga. Uliniuliza kama nilikula. Nikasema basi, kadi ilikuwa muzuri. Nikarudi ku shule na furaha. Usilie. Minakupenda sana."

Mama wa samaki alingoja nimalize. Aliuchukua mkono wangu, akaniambia kwamba tata alikwenda hospitali siku ileile aliyopata barua yangu, akitembea kwa miguu yake, na kwamba walikuwa wamemzika wiki tatu kabla yeye hajaanza safari ya kurudi.

Ni miaka mingi sasa. Huko duniani utafiti umeenda mbali. Wana kamera nyembamba kama waya wa umeme, wanakiona kinundu na kukikata mgonjwa akiwa amelala. Nafurahi kwa ajili yao. Mimi natamani kitu kidogo zaidi. Natamani lile benchi, lijae watu wote wa Kolwezi wakitaka, na mjomba kando yangu, na yule mzee na miwani yake ya uzi, na ile mikwaruzo, na sauti inayoniita mama, ili nikamate kipaza kwa mikono miwili na nipige kelele mpaka Kasai nzima isikie: Tata, kuko damu mu mavi yako. Enda lopitalo leo.